Aliyeandika Mstari Ule

Mzee Bartolomeo alikataa kiti. Alisimama katikati ya chumba, kofia mkononi, vumbi la barabara ya Ikola bado limemganda kwenye suruali, akamtazama Emelyne kama mtu aliyefuata kitu chake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nimekuja kuchukua jina."

Emelyne alijua ni jina gani. Kwa siku thelathini na tano alikuwa akiiogopa safari hii ya mzee, na kila asubuhi alipofungua ofisi yao ndogo pale Majengo alishukuru kuona hajafika.

Walikuwa vijana watano wanaoandika programu za kompyuta hapo Mpanda, na walikuwa na daftari lao la pamoja mtandaoni. Aliyepata njia ya kutatua jambo aliweka humo kipande chake cha programu, maelezo mafupi na jina lake, ili mwenzake asiumize kichwa kwa kitu kilekile. Kwa vipande hivyo walijenga huduma ya kuwatumia wavuvi ujumbe wa simu kila upepo mkali ulipotarajiwa ziwani. Gabrieli, mmoja wa hao watano na mtoto wa mzee huyu, ndiye aliyezunguka Ikola mlango kwa mlango akiandikisha namba. Watu walimpa kwa sababu walimjua tangu anatambaa.

Halafu asubuhi moja ujumbe ukaingia: "Upepo mkali ziwani leo saa kumi."

Gabrieli alikuwa nyumbani mapumzikoni. Yeye na wenzake watatu wakapakia dagaa kwenye boti kwenda Karema, wakijua watakuwa wamesharudi kabla ya jioni. Upepo uliwakuta saa nne asubuhi.

"Nimeelezwa kompyuta inahesabu saa za kizungu," mzee alisema. "Saa nne yetu, yenyewe inaiita kumi. Kuna mtu alitakiwa kuigeuza, hakuigeuza. Ni kweli?"

"Ni kweli, baba."

"Mtu, au mashine?"

"Mtu. Mashine inafuata ilichoandikiwa."

Pacifique, mwenzake Emelyne, aliyekuwa amejibanza kwenye meza ya dirishani, alikohoa. "Mzee wangu, hii kazi tulifanya wote. Sema ni sisi sote."

"Nyie nyote hamkushika kalamu moja," mzee alijibu bila kugeuka. "Nionyesheni."

Emelyne alifungua kompyuta. Aliukuza ule mstari wa kugeuza saa mpaka ukajaa kioo kizima, ndipo akamgeuzia. Maelezo yaliyoandikwa juu yake aliyajua kwa moyo: "Hii inageuza saa za kompyuta kuwa saa zetu. Nimeijaribu jana jioni, iko freshi. Chukueni tu." Kwa saa za jioni kweli ilikuwa freshi. Za asubuhi iliziacha zilivyo. Na Emelyne aliichukua hivyohivyo akaiweka kwenye huduma, hakujaribu hata saa moja ya asubuhi.

Mzee aligusa kioo kwa ncha ya kidole.

"Haka kamstari?"

"Hako."

"Watu wanne." Aliondoa kidole, akakifuta kwenye shati. "Wajane watatu wanakuja kwangu kila siku. Hawalii, wanakaa tu. Juzi mmoja akaniambia, Bartolomeo, mwanao ndiye aliyetuletea hizi meseji. Nikamwambia mwanangu alizama pamoja na waume zenu. Aliyewaua yuko Mpanda, namfuata. Sasa nikirudi mikono mitupu nitakaa nao vipi? Mama Gabrieli mwenyewe chakula kinamshinda. Kinachomsimamisha ni hili jina tu, apate wa kumlaumu."

Nje, mtu alikuwa akibishana na fundi simu kuhusu chaja.

"Padri ameniomba nisamehe," mzee aliendelea, sauti ikiwa ya chini kuliko mwanzo. "Nimemkatalia. Aliyeandika haka kamstari, mkono wake ukauke. Popote alipo, asipumzike."

Emelyne alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Baba, usiseme hivyo."

"Kwa nini nisiseme?"

"Kwa sababu ni mimi."

Pacifique alisimama ghafla, kiti kikaanguka. "Emelyne!"

"Kaa, Pacifique."

Alingoja kupigwa. Angeshukuru kupigwa. Mzee akatoa karatasi mfukoni, akaikunjua, akaiweka mbele yake pamoja na kalamu.

"Andika. Nitawasomea."

Akaandika majina yake yote mawili, na la baba yake, kwa herufi kubwa. Mzee aliyasoma taratibu, midomo ikicheza.

"Gabrieli alikuwa anakutaja sana," alisema. "Ananiambia, kuna binti wa Katumba, baba, ana akili kutushinda sote. Tulishaanza kuulizia kwenu, tulete posa."

Emelyne alimrudishia kalamu yake.

"Jumamosi ni misa ya arobaini."

"Ndiyo, baba. Najua."

"Usije. Wala kaburini kwake usifike. Siku nyingine yoyote, usifike."

Aliivaa kofia yake mlangoni, akatoka. Walisikia bodaboda ikiwaka, ikizidi kwenda mbali mpaka ikapotea.

Pacifique aliinua kiti lakini hakukikalia. Alikuwa analia.

"Ikola nzima itakulaani," alisema.

"Bora mimi."

Emelyne aliivuta kompyuta karibu. Akayarudisha maandishi kwenye ukubwa wake wa kawaida, na jina la mwandishi likajitokeza tena chini ya mstari. Akajifuta macho apate kuona vizuri.

Kisha akafuta jina la Gabrieli, akaandika lake.