Sombe Inakosa Kitu

Mama Bukeyeneza aliinamia sahani ya sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, akanusa, akairudisha kwa binti yake Akeza bila kugusa hata na kidole.

"Inakosa kitu," alisema.

"Nini tena, mama?"

"Ndagala. Hizi si ndagala."

Ni kweli hazikuwa ndagala, wale dagaa wa ziwa la kwao. Zilikuwa usipa, samaki wadogo wa Malawi, Akeza alizinunua palepale kambini. Lakini nani angetoa ndagala Tanganyika akazifikisha Dzaleka, kambi ya wakimbizi?

Mama alisimama, akakaza kitenge, akavuka njia kurudi kwake. Akawasha moto wake, akapika maharagwe yake ya ration, akakula peke yake. Mgongo aliupa mlango wa Akeza.

Ilikuwa hivyo tangu Akeza aolewe. Jumapili moja sombe haikutwangwa vizuri. Jumapili nyingine kitunguu kimezidi, au majani yamekomaa. Na mama alikuwa anakonda, kitenge kinamzunguka mara mbili. Katika watu wote wa kwao, yeye tu ndiye alibaki. Akeza alitaka kitu kimoja: mama aketi kwenye mkeka wake, akule, ashibe, aseme ni tamu.

"Unajisumbua bure," Lévi alimwambia. Lévi, bwana yake, alikuwa fundi wa kushona kutoka Bukavu, mtu wa kucheka. "Si kwenu banasemaka mama hakulake mu nyumba ya mukwe angali muzima? Sombe yako iko bien. Mi njo ninaiharibisha!"

"Hayo tuliyaacha kule kilimani kwetu. Hapa bantu banakula penye banapata. Kama ni hiyo, angesema. Yeye anasema mawese."

Kweli, mara ya mwisho mama alisema sombe bila mafuta ya mawese ni majani ya mbuzi.

"Basi mawese. Kule Biwi mu muji kuko mutu wa kwetu anauzisha, nyekundu kabisa. Ninapeleka masuruali Lilongwe, nitakuletea chupa. Na akikatala tena, nitakula mi, nilambe na sufuria."

Alifunga suruali zake kwenye shuka, akapanda kabaza, baiskeli ikayumba na mzigo, rafiki yake Lwaboshi nyuma na yake. Kwenye barabara kubwa wangepata gari ya matola, pikapu ya kubeba abiria. Akeza alimwangalia mpaka kofia yake ikapotea.

Siku Lévi alipaswa kurudi, Akeza alikwenda kwa Sabine kutwanga majani, maana kinu kilikuwa kwa Sabine. Sabine alikuwa mjane, wa kilima kimoja na mama ya Akeza, na Akeza alimwita yaya, dada mkubwa.

"Yaya Sabine, mama yako alikulaka kwako?"

"Alikula. Mara moja."

"Eh! Ulitia nini ndani?"

Sabine alimpokea mchi, akatwanga kidogo.

"Si mi nilipika. Bamama ba kanisa njo balipika."

"Basi bale ni bapishi!"

"Twanga, mwana. Majani yako ingali makubwa."

Akeza alitwanga mpaka mikono ikauma. Alichemsha, akamwaga maji ya kwanza, akarudisha sufuria motoni. Safari hii kila kitu kilikuwa sawa, hata yeye alisikia harufu kama ya jiko la kwao zamani. Ilibaki mawese tu.

Jua lilikuwa limegeuka aliposikia mbwa wanabweka. Alikuwa Lwaboshi, rafiki ya Lévi, mwenye waliondoka pamoja. Alikuja na miguu, suruali imejaa udongo. Hakuja kwa Akeza. Alipiga hodi kwa mama kwanza.

Akeza alitabasamu. Lévi huyu na michezo yake! Lazima alimtuma rafiki amwambie mama mukwe ajitayarishe, mawese yamefika.

Walikaa kule ndani kidogo. Kisha Lwaboshi akavuka njia, ameshika chupa na mikono miwili.

"Shemeji. Hii njo Lévi alikununulia."

"Na yeye?"

"Alibaki Lilongwe." Lwaboshi alikuwa anaongea na chupa. "Kesho banamuleta."

"Banamuleta? Na gari?"

"Na gari."

"Yoo! Sasa amekuwa patron, analetwa na gari!" Akeza alicheka, akamwonyesha kiti. "Kaa, ukule." Lakini Lwaboshi alikuwa ameshatoka.

Kifuniko cha chupa kilikaza. Akeza alijaribu na mkono, akajaribu na kitenge, akajaribu na meno. Bado alikuwa anahangaika nacho mama alipoingia. Mama hakungoja kukaribishwa, hakunusa. Alinawa mikono, akaketi katikati ya mkeka, akavuta sahani.

"Mama, ngoja, sijatia mawese."

Mama alikata bugali, akachovya, akakula. Akakata tena. Alikula na kichwa chini, taratibu, kama mtu anafanya kazi aliyopewa.

"Iko namna gani, mama?"

"Iko sawa, mwana wangu."

"Haikosi kitu?"

"Haikosi kitu."

Akeza aliweka chupa chini, ingali imefungwa. Hakujua acheke au alie kwa furaha. Alikimbia mlangoni, akaita kwa nguvu njia yote isikie:

"Yaya Sabine! Kuja uone! Mama anakula kwangu!"

Sabine alikuwa ameshafika. Alisimama mbele ya mlango na sufuria kubwa ya kanisa kichwani, ile ya msiba, na nyuma yake bamama wengine na kuni, na hakuna hata mmoja aliyemwangalia Akeza usoni.