Mgonjwa wa Kwanza wa Roboti

"Lirudishwe lilikotoka!" Profesa alipiga meza kwa kiganja, vikombe vikaruka. "Lidude hilo halitagusa tena moyo wa mtu katika hospitali hii."

Wajumbe saba wa kamati waliinamisha vichwa. Nani angembishia mzee aliyepasua vifua kwa miaka thelathini, na aliyewafundisha nusu yao kushika kisu?

Daktari wa roboti ya upasuaji, mwanamke mwembamba aliyeketi mwisho wa meza, hakupandisha sauti. "Tunapita kwenye matundu madogo ubavuni, Profesa. Mfupa wa kifua hatuugusi. Mtu anarudi kazini mwezi haujaisha."

"Mtu gani? Hapa umeshawafanyia wangapi?"

"Mmoja."

"Mlete tumwone."

"Hataki kujulikana."

"Hataki, au mmeshamzika?"

Wawili watatu wakacheka. Muuguzi aliyemsaidia daktari siku ile ya upasuaji alitazama viatu vyake.

"Yu hai," daktari alisema. "Lakini siri ya mgonjwa ni kiapo."

"Kiapo! Unakaa pembeni, unachungulia kioo, unachezea vijiti, halafu unajiita mpasuaji. Mimi moyo nimeushika kwa hii." Akainua mikono yake miwili, akihema.

Maneno yale yalimkata daktari maini. Wagonjwa kumi na mmoja walikuwa wakimsubiri. Mmoja wao, mpagazi wa sokoni, alikuwa amemwambia wazi: nikipasuliwa kifua nitakaa miezi mitatu bila kuinua mzigo, na wanangu watakula nini?

"Keti, Profesa. Usijichoshe."

"Usinionee huruma, binti! Sijachoka."

Kura zilipigwa. Watano walitaka roboti iondoke, wawili ibaki. Jumatatu ingefungwa kwenye makasha.

Ukumbini watu walimpisha daktari kama mwenye ukoma. Hata wale wawili waliompigia kura hawakumsalimu. Aliingia ofisini kwake, akaanza kuandika orodha ya wale kumi na mmoja, awaambie mwenyewe kabla hawajasikia mitaani. Alipofika kwa mpagazi, kalamu ilimgomea.

Mlango ukafunguliwa bila hodi. Profesa aliingia, akaufunga kwa ufunguo, akavuta pazia la dirisha, kisha akafungua vifungo vya shati. Chini ya titi la kulia palikuwa na makovu manne madogo, bado mekundu.

"Hili la chini linaniwasha," alisema bila kumtazama. "Hebu liangalie upesi, kabla mtu hajapita."