Tundu Moja Nyumba Nzima

Serikali ilipoamuru kila kifaa kiwe na tundu la chaji la aina moja, mume wangu Shaweji alifurahi: waya mmoja nyumba nzima. Mimi sikufurahi. Laptopu na mama yangu wanafanana nini? Mama ana kifaa nyuma ya sikio kinachomtunzia kumbukumbu, na sasa kina tundu hilohilo.

Leo umeme ulikatika. Nimemkuta Shaweji ameichomeka laptopu yake nyuma ya sikio la mama aliyelala.

“Unamnyonya mkweo?”

“Namalizia ripoti tu. Si tundu ni lilelile?”

Nikauchomoa waya kwa hasira. Laptopu ilikuwa imejaa chaji.

Mama akafumbua macho, akanitazama kwa adabu.

“Karibu, binti. Mama yako hajambo?”