Anaomba Jina

Nilikuwa nimebakiza kubonyeza tu niutume wimbo wangu wa kwanza wa kielektroniki, kwa jina la usanii nililolibuni lisifanane na la mtu yeyote duniani. Mama akapiga simu kutoka nyumbani Ísafjörður, mji wetu wa wavuvi.

"Niambie ukweli, una mimba?"

"Mimba ya nani, mama? Hata bwana sina."

"Nimemwota marehemu mjomba wako Ísleifur. Kasimama mlangoni, maji yanamchuruzika, anaomba jina. Wafu wetu hawaombi jina bure. Kuna mtoto anakuja, na anataka apewe jina lake."

Nikautazama wimbo kwenye kompyuta. Mama hakujua kwamba mdundo wote niliutengeneza kwa pumzi za mjomba, alizojirekodi kwenye kaseti wiki aliyozama baharini.

Nikanyoosha kidole nilifute jina langu la usanii, niandike lake. Vitufe vilikuwa vimelowa, vinanuka bahari.