Picha Kwenye Grupu ya Wachuna Chai

Mume wa Janefer alikuwa amelala chini, damu ikimtoka sikioni, na wanawake ambao Janefer alichuna nao chai miaka yote walikuwa wamemzunguka na mapanga na marungu.

Asubuhi ile Janefer mwenyewe ndiye aliyetuma picha kwenye grupu yao ya WhatsApp: mumewe ndani ya suti ya kanisa, ameegemea mashine mpya ya kuchuna chai, anacheka. Alitaka tu wamsifu.

"Si huyu ndiye anaendesha mashine iliyotufuta kazi!" sasa mmoja wao akafoka.

"Ni askari wa geti tu, jamani!" Janefer akapiga kelele. " Mimi ndiye nilimwambia aegemee hapo, picha itoke vizuri."

"Ati itoke vizuri! Na watoto wetu wale picha?"

Rungu likatua tena. Janefer akajitupa juu ya mumewe, akamkinga kichwa.

Mbele ya macho yake aliona vidole vyeusi kwa utomvu wa chai, kama vyake. Vilikuwa vya rafiki yake, yule aliyempokea kifungua mimba wake, Faith, mikononi siku alipozaliwa.

"Mama Faith, toka."

"Sitoki."

"Toka, tafadhali," rafiki yake akasema huku akilia, na akainua panga.