Ndege wa Bluu

Fundi alivuta karatasi kuukuu ya ukutani, ikatoka pande zima, na chini yake wakatokea ndege wa bluu wenye midomo ya njano.

Nikatazama roli mpya ya karatasi niliyokuwa nimeikumbatia. Ndege wa bluu, midomo ya njano. Wale wale!

Fundi akacheka. "Shemeji, si ungeniambia mapema nisihangaike?"

Sikucheka. Dukani nilipekua sampuli mpaka muuzaji akanichoka. Mume wangu alikuwa pembeni, na nilipoinua hii, machozi yakamlengalenga. Akasema ni harufu ya gundi.

"Hii alibandika nani?" nikamuuliza mume wangu, aliyesimama mlangoni.

Akasogea ukutani, akapitisha kidole kwenye mdomo wa ndege mmoja, taratibu, kama anayemfuta mtoto uji.

"Marehemu," akasema. Mke wake wa kwanza. "Nilidhani uliiona kwenye picha zetu, ukaipenda."

Picha zipi? Sijawahi kuonyeshwa hata moja. Sasa nani kachagua, mimi au yeye? Au yule marehemu?

"Haya, niendelee kubandua," fundi akauliza, "au niache?"

Wote wawili wakanitazama. Kidole cha mume wangu kilikuwa bado hakijabanduka kwa yule ndege.