Sauti ya Kibwana

Watengenezaji wa michezo ya kompyuta ndio waliodai kompyuta ziache kutunza kumbukumbu zenyewe, ili michezo isikwamekwame. Wakakubaliwa. Tangu hapo mashine zote, hata za majumbani, hufuta lolote ambalo mwenye mashine haagizi kila siku lishikwe. Mwanamvua, mtunzi wa mchezo wa mbio uliopendwa sana, alikuwa mmoja wa waliodai.

Siku aliyotoka hospitali, baada ya kulazwa wiki tatu, aliketi jikoni akaiambia nyumba yake, iliyoendeshwa na mashine kama hizo, "Nisikilizishe sauti ya Kibwana." Kibwana alikuwa mumewe, aliyefariki miaka minne nyuma, na kila siku alikuwa akiagiza sauti yake ishikwe.

"Kibwana hayupo," nyumba ikajibu. "Hakuna aliyeniambia nimshike."

"Nilikuwa mgonjwa!"

"Pole, mama. Sasa nina kasi zaidi."

Ni kweli, chai ilichemka upesi kuliko zamani. Mwanamvua akakaza koo, akajaribu kujiita kwa ile sauti nzito ya mumewe: "Mwanamvua wee!" Haikufanana hata kidogo.

"Huyo ndiye Kibwana?" nyumba ikauliza. "Nimshike?"

Aliizungusha chai kikombeni mpaka ikapoa.

"Mshike," akasema.